Kodi ya Uswidi na Ahadi Zetu za Jukwaani



Nimeombwa niongelee kodi ya mapato ya nchi za Nordiki. Nimechagua Uswidi, maana kila mtu humu ana stori yake: "kule wanakatwa nusu ya mshahara." Kwa mfanyakazi wa kawaida sio kweli.

Iko hivi. Kodi yake ya mshahara inaenda kwa halmashauri yake na mkoa wake. Ukijumlisha zote mbili ni wastani wa asilimia 32 hivi, na kuna nafuu ya mwenye ajira, iliyoanza 2007, inayopunguza makato. Serikali kuu inagusa wenye kipato kikubwa tu: kinachozidi kronor laki sita na kitu kwa mwaka kinaongezewa asilimia 20.

Mwajiri anakata kila mwezi. Mwaka unaofuata, mamlaka yao ya kodi, Skatteverket, inakutumia fomu ikiwa imeshajazwa. Unahakiki, unathibitisha kwa simu, basi. Ulikatwa zaidi? Unarudishiwa.

Sasa hapa ndipo panaponigusa. Halmashauri inaendesha shule na matunzo ya wazee. Mkoa unaendesha hospitali. Kiwango cha kodi wanakipanga wawakilishi waliochaguliwa hapo hapo, ndiyo maana kinatofautiana mahali na mahali. Wakipandisha, mwananchi anaona kwenye mshahara, na uchaguzi upo kila baada ya miaka 4. Tena kodi aliyotozwa mtu ni taarifa ya wazi, hata ya waziri unaweza kuiulizia. Mizizi ya uwazi huo ni sheria ya 1766.

Kwetu PAYE nayo inakatwa kila mwezi, ila inaenda serikali kuu. Diwani uliyempigia kura hana sauti juu ya kiwango chake.

Niseme ukweli, hata ukiuma. Sisi tukipanda jukwaani tunaahidi matibabu bure, na kwa pumzi hiyo hiyo tunaahidi kufuta kodi. Mimi mwenyewe nimeshasema hivyo na nikapigiwa makofi. Uswidi hawalipi matajiri peke yao. Muuguzi analipa, dereva wa basi analipa, na dukani VAT ni asilimia 25 kwa bidhaa nyingi. Wanavumilia kwa sababu wanaona hela inakokwenda, na wanaweza kumng'oa anayeila.

Kwa hiyo tudai uwazi na sauti ya mlipakodi, lakini tusiwadanganye wananchi kwamba hospitali inajengwa kwa makofi.

Maswali yaje.