Elimu ya Watoto Wetu na Mizani ya Pamba
Hotuba iliyotolewa katika harambee ya mwaka ya wana Nyalikungu



Niliombwa nizungumze juu ya elimu, uchumi na haki. Hapa tulipo wote ni wakulima wa pamba au watoto wa wakulima wa pamba, kwa hiyo nitazungumza juu ya mizani.

Mwaka 1998 dada yangu alichaguliwa kwenda sekondari. Siku ya kuuza pamba, mizani ya mnunuzi ilisoma pungufu kabisa ya tulivyotarajia. Baba alinyamaza, maana hakuwa na cha kubishia. Wiki moja baadaye kijana mmoja aliweka kwenye mizani ileile mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Ikasoma 44. Kesho yake mizani haikuonekana tena. Mwaka ule tulipata ada ya mtoto mmoja tu, nayo nikalipiwa mimi, mtoto wa kiume. Hilo la pili tusimsingizie mnunuzi.

Wazee wetu waliliona jambo hili mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma waliweka watu wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, wahakiki uzito wa pamba mbele ya wafanyabiashara. Kazi hiyo ilihitaji mtu anayejua kusoma na kuhesabu, na wasomi wakati huo walikuwa wachache. Kutokana na juhudi hizo Paul Bomani na wenzake wakajenga vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa Victoria, uliokuja kuwa mmoja wa vyama vikubwa kabisa vya wakulima barani Afrika, wenye viwanda vyake vya kuchambulia pamba.

Yaliyofuata mnayajua. Serikali ilivunja vyama vya ushirika mwaka 1976, vikarudi miaka ya 1980 vikiwa dhaifu, na mwaka 1994 likaja soko huria. Wanunuzi waliongezeka, lakini mkopo wa mbegu na dawa uliyumba. Tangu 2018 tunauza tena kupitia AMCOS. Kila mfumo ulikuja na ahadi zake, na katika kila mfumo aliyenufaika ni yule aliyeweza kusoma stakabadhi yake. Bei ya pamba hupangwa mbali, kwenye soko la dunia. Kilo ziko hapa, mikononi mwetu.

Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Tunashukuru. Lakini mtoto aliyeacha shule msimu wa kuchuma pamba hakurudishwa nyumbani na ada. Ameitwa na shamba, au anachunga ng'ombe, au ametembea asubuhi yote bila kula na kusinzia darasani. Na wazazi tumo katika lawama hii, tusiseme ni serikali tu.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, naomba sehemu ya fedha za leo iende kwenye chakula cha mchana shuleni, hasa miezi ya kuchuma pamba. Wazazi watoe mahindi, sisi tulioko mbali tulipie maharage, mafuta na mpishi. Sehemu nyingine, ndogo tu, ilipie darasa la jioni la wanachama wa AMCOS, akina mama wakiwa mbele: kusoma mizani, kujumlisha makato, kudai taarifa ya hesabu kwenye mkutano mkuu. Walimu wetu wastaafu wapo, na baadhi yao wamekaa hapa mstari wa mbele.

Dada yangu naye yupo, ameketi nyuma pale. Binti yake yuko kidato cha tatu. Amenituma niseme kwamba yeye atakuwa wa kwanza kujiandikisha katika darasa hilo. Mimi naanza na shilingi laki tatu. Katibu, andika.