Dawa ya Kifua Kikuu: Si Sadaka, ni Haki
(Mazungumzo kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, Raskazone, Tanga)



Tumekutana hapa Raskazone, si mbali na Hospitali ya Bombo, ambayo tangu enzi za Wajerumani imepokea wagonjwa wa mji huu. Dalili za kifua kikuu mmezisikia mara nyingi: kikohozi cha majuma mawili au zaidi, homa, jasho la usiku, kukonda. Leo tunapenda kutafakari jambo lisilosemwa sana. Mgonjwa anapopewa dawa bila malipo, je, amepewa sadaka au amepewa haki yake?

1. Ugonjwa wa watu waliosongamana

Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba ameviona vijidudu vinavyoleta ugonjwa huu. Lakini vijidudu peke yake havielezi kwa nini maskini huugua zaidi. Kifua kikuu huenea kwa hewa, katika vyumba vilivyojaa watu na visivyo na madirisha ya kutosha, na hushinda upesi mwili uliodhoofishwa na njaa au na virusi vya UKIMWI. Wazee wa Tanga wanakumbuka kambi za manamba katika mashamba ya mkonge, ambako watu waliotoka mbali walilala wengi katika chumba kimoja. Basi tusiseme kwamba mgonjwa amelogwa au amelaaniwa. Mara nyingi anabeba mwilini mwake matokeo ya jinsi jamii ilivyomlaza na ilivyomlisha.

2. Utafiti uliofanyika kwetu

Zamani tiba ilidumu mwaka mmoja na nusu au zaidi. Wengi waliiacha njiani, wakarudi nyumbani na ugonjwa wao. Ndipo mwaka 1970 waganga wa Afrika Mashariki, pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, walipoanza kujaribu tiba ya miezi sita katika hospitali za Afrika Mashariki na Zambia. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Yalionyesha kwamba dawa ya rifampisini, ikichanganywa na nyingine, huponya kwa miezi sita. Leo tiba ya miezi sita inatumika karibu duniani kote.

Tuzingatie jambo hili, ndugu. Waliokubali kumeza dawa zile na kupimwa makohozi mwezi baada ya mwezi walikuwa wagonjwa wa nchi zetu. Majina ya mabingwa yamo vitabuni, yao hayamo. Na kwa sababu rifampisini ilikuwa ghali, wagonjwa wengi wa nchi maskini waliendelea kwa miaka na tiba ndefu ya zamani. Aliyelima hakuwa wa kwanza kuvuna.

Tanzania haikukaa kimya. Mwaka 1977 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ukisaidiwa na Dk. Karel Styblo wa umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu. Katika miaka ya 1980 tiba ya miezi minane ilienezwa mikoani: rifampisini ilitumika miezi miwili ya mwanzo, mgonjwa akimeza dawa mbele ya mhudumu. Njia hiyo iliyokomazwa hapa kwetu ikawa msingi wa mkakati wa Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990, ule unaojulikana kama DOTS.

3. Utafiti na huduma ni mikono miwili

Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilianza kuhudumia wagonjwa wa kifua mwaka 1926. Mwaka 2009 ilianza kutibu kifua kikuu sugu. Mgonjwa wa Tanga alipaswa kusafiri kupita Korogwe, Same na Moshi, akaiache familia yake kwa miezi mingi. Baadaye tiba hiyo ilisogezwa mikoani, na sindano zilizowaharibia wengine masikio zikaachwa, vikabaki vidonge.

Huko Temeke, Dar es Salaam, watu waliopona waliunda umoja uitwao MUKIKUTE, wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wanaokohoa. Nako Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wamefundishwa kunusa makohozi na kugundua wagonjwa ambao hadubini iliwakosa.

Matunda yameonekana. Inakadiriwa kwamba vifo kwa mwaka nchini vilipungua kutoka 58,000 mwaka 2015 hadi 18,400 mwaka 2023. Hata hivyo, kila mmoja wa hao 18,400 alikuwa na mama yake.

4. Haki iliyobaki

Dawa ni bure, lakini nauli si bure, na vidonge juu ya tumbo tupu ni mateso. Mvuvi asiyeweza kwenda baharini, kibarua aliyefukuzwa kwa sababu anakohoa, mke aliyerudishwa kwao: hao wote wanaiacha tiba si kwa ukaidi, bali kwa kukosa. Tena mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake kwa ghafla, tulijifunza kwamba uhai wa mgonjwa ukitegemea hisani, huweza kuzimwa kwa saini moja.

Kwa hiyo tunasema: dawa hii ni deni. Dunia inadaiwa na watu ambao miili yao ilithibitisha tiba. Serikali inadaiwa bajeti, mwajiri anadaiwa likizo ya ugonjwa, na sisi majirani tunadaiwa uji, nauli na kutokunyanyapaa.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu, nani anakohoa na hajapelekwa kupimwa? Kinachomzuia ni nini?
2. Je, kuna mtu aliyepoteza kazi au nyumba kwa sababu ya ugonjwa huu? Tumemtetea?
3. Tutamwuliza nini diwani wetu kuhusu fedha za afya?