Kabla ya Kukopa Pesa za Mitambo ya Video

 

Vijana wa kikundi kimoja wameniuliza: "Tukope tununue kompyuta na kamera, tuwe tukipiga video za harusi na matanga?" Kabla sijajibu, niwape kisa cha kweli.

Zamani, kutengeneza picha za televisheni ilikuwa kazi ya wenye pesa. Mashine ya kuchanganya picha za kamera kadhaa ilikuwa peke yake, ya kuandika majina juu ya picha peke yake. Kuzinunua zote kuligharimu makumi ya maelfu ya dola. Halafu mwaka wa 1990, kampuni ndogo ya NewTek huko Kansas, Marekani, ikauza kadi iitwayo Video Toaster. Uliichomeka ndani ya kompyuta ya Amiga 2000, nayo ikafanya kazi hizo zote. Bei yake haikufika dola 3,000. Watu wa kawaida wakafungua studio nyumbani!

Lakini sikilizeni vizuri. Kwanza, kompyuta ilinunuliwa kando, na video za kanda zilihitaji vifaa vingine vya kunyoosha picha. Pili, kadi ile ilifuata mfumo wa Marekani, NTSC. Televisheni za Kenya wakati huo zilifuata PAL. Mtu angeileta hapa, ingemlaza njaa. Tatu, Commodore, waliounda Amiga, walifilisika mwaka wa 1994. Spea utapata wapi?

Na bei iliendelea kushuka. Mwaka wa 1999 Apple waliuza iMac DV kwa dola 1,299, ikiwa na programu ya kukata na kuunganisha video ndani yake. Leo hata simu inapiga na kukata picha.

Sasa jibu langu: msikope bado. Mwanakikundi mwenye simu nzuri aanze nayo. Pigeni harusi moja, mwone kama kuna mtu wa kulipa, muandike mapato na matumizi kwenye kitabu. Kazi ikikua, nunueni kwa akiba yenu. Na siku hiyo mwulizeni muuzaji: Nini kingine kinahitajika? Kitaelewana na vifaa tulivyo navyo? Kikiharibika, fundi na spea viko wapi?

Mashine huzeeka haraka, lakini deni halizeeki. Mungu awabariki.