Kutunza Kisicho Chako

 Asubuhi hii nataka tutembee pamoja kwa miguu. Nauli haihitajiki. Nitawachukua kwa maneno tu mpaka kijiji kidogo cha wavuvi kiitwacho Gazi, pwani ya kusini, kiasi cha kilometa 55 kutoka Mombasa ukivuka Likoni na kushika njia ya Lunga Lunga. Wenye Biblia na waweke kidole katika Injili ya Luka, mlango wa 5. Tutaifikia baadaye.

Sisi wa Nairobi samaki twamjua akiwa amekwisha kufa siku nyingi. Jioni pale Kawangware, au kando ya reli kule Laini Saba, mama ana karai lake la mafuta, ana omena, na ana ile tuiitayo mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta ambaye nyama yake imekwisha kukatwa kiwandani na kupelekwa Ulaya. Twaila mifupa na kumshukuru Mungu, maana mchuzi wake ni mtamu. Lakini ni wachache kati yetu waliowahi kuuliza samaki hulelewa wapi kabla hajafika karaini. Kwa sababu hiyo, mwezi wa Agosti mwaka jana, nilifuatana na vijana wa kanisa, wengine wa Kibera na wengine wa Kawangware, tukaenda kuona. Wengi wao hawajapata kuiona bahari.

Wenyeji wa Gazi wengi ni Wadigo, nao ni Waislamu. Niliwaambia vijana mapema wavae nguo za heshima, na wasichana wakajifunga leso. Wazee walitupokea vizuri, na adhana ilipolia tulinyamaza mpaka ikaisha. Wale wa kwetu waliokulia Makina, jirani na Wanubi, hawakuhitaji kufundishwa jambo hili.

Kijiji chenyewe wakimaliza kwa muda mfupi. Nyumba nyingi ni za udongo na makuti, vichochoro ni vya mchanga, minazi na miembe ni mingi. Hapo aliishi Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, yule aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 mpaka akakimbilia upande wa Wadachi. Vijana walitaka kusikia zaidi habari za vita. Lakini mama aliyetuongoza alikuwa na haraka ya kutufikisha kwenye mikoko kabla maji hayajajaa.

Akina mama wa Gazi wamejenga daraja la mbao linalopita katikati ya msitu wa mikoko, na mgeni hulipa kidogo ili atembezwe juu yake. Chini ni tope jeusi, na kaa wakimbia huku na huku. Mama yule alitutajia miti mmoja mmoja, kama mtu atajaye watoto wake: huu mkoko wenyewe, wenye mizizi kama miguu ya buibui, ule mchu, ambao mizizi yake yachomoza topeni kama penseli, na huu muia, na mkandaa, na kule mbele kabisa, unaopigwa na mawimbi, mlilana. Akatuonyesha kwamba mbegu ya mkoko haidondoki kama punje ya mahindi. Huchipua ikingali imeshikamana na mama yake, ikarefuka kama mkuki mdogo, ndipo ikaanguka na kujichoma topeni. Na katikati ya mizizi ile ndipo wanapokulia samaki wachanga na kamba, wakijificha wasiliwe na wakubwa. Basi vijana wakapata jibu la swali lililotuleta.

Msitu huu haukuwa hivi siku zote. Kwa karne nyingi boriti za mikoko zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, na pwani yetu yote ilijengewa hizo. Lakini miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi sana kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Sehemu nyingine zikabaki tope tupu lenye kukauka juani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya pamoja na wanakijiji wakaanza kupanda tena. Mwaka 2013 ukaanza mradi uitwao Mikoko Pamoja, wa Gazi na jirani zao wa Makongeni, wenye kulinda hekta 117. Kazi yake ni hii. Moshi wa magari na viwanda unaichafua hewa. Mti huvuta hewa ile na kuiweka katika shina lake, na mikoko huizika pia katika tope kwa wingi. Wako watu wa nchi za mbali walio tayari kulipa ili miti ile isikatwe na tope lile lisichimbuliwe. Hesabu yao ni kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, na mapatano ni ya miaka 20. Fedha hizo zimeleta maji kijijini na vitabu shuleni. Wamepanda na mivinje nchi kavu, ili mwenye kutaka mti wa kujengea au kuni asiuguse mkoko. Mwaka 2017 walipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator.

Angalieni miaka, wapenzi wasikilizaji. Tangu walipoanza kupanda mpaka senti ya kwanza ya mradi ilipoingia ilipita kama miaka 20.

Hapo binti mmoja wa Kibera akauliza, "Mama, msitu huu ni wenu?"

Yule mama akacheka. "Si wetu, mwanangu. Ni wa Serikali. Sisi ni walinzi tu, na mkataba tunao."

Tukatoka darajani, tukateremka ufukweni. Agosti ni wakati wa kusi, bahari nje ya mwamba imechafuka, kwa hiyo ngalawa nyingi zilikuwa zimepandishwa mchangani. Mama karanga, yaani wale wanawake wanunuao samaki na kuwakaanga, walikuwa wameketi na ndoo zao wakingoja vyombo viwili vitatu vilivyothubutu kutoka. Vilipofika, samaki walikuwa haba: tafi kidogo, changu wachache, pweza mmoja. Chini ya mti wanaume wawili walikuwa wakishona nyavu. Nikawauliza kama nyavu ni zao. Wakasema ni za tajiri, na chombo ni chake pia. Samaki wakipatikana, chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na linalobaki hugawanywa kwa wavuvi. Lakini walikuwa wakizishona kwa uangalifu, tundu moja baada ya jingine.

Ndipo kijana mmoja wa Kawangware, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema neno ambalo sijaweza kulisahau. "Mchungaji, hawa angalau wana mkataba. Mimi chumba ninacholala si changu, na ardhi iliyo chini yake si ya huyo anayenitoza kodi. Kesho tingatinga likija, nitakuwa nimetunza nini?"

Msikilizaji, usiharakishe kumjibu kijana huyu. Mwezi wa Julai 2018 nyumba za maelfu ya watu wa Kibera zilibomolewa kwa ajili ya barabara, na shule pia, na watoto wakasimama kando wakitazama. Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles, na ambao ndio walioipa Kibra jina lake, maana kwa lugha yao ni msitu, walikaa hapo kama miaka mia moja kabla ya kupewa hati ya ekari 288 mwaka 2017. Mtu aliyeona mambo hayo hawezi kunyamazishwa kwa kuambiwa apande maua mlangoni. Mimi naona ni vibaya mhubiri kuwataka maskini watunze mahali ambapo wakubwa hawataki kuwaandikia kwamba watakuwapo mwakani. Mkataba ule wa Gazi si jambo dogo. Yatupasa kuudai wa kwetu, na kanisa lisimame na wanaoudai.

Sasa tufungue Luka 5. Simoni amekesha usiku mzima bila kupata kitu, naye yuko ufukweni anaosha nyavu. Anaziosha ingawa hazikumpa chochote, kama wale wawili wa Gazi wakishona nyavu za tajiri. Bwana Yesu anakuja na kumwomba chombo. Hana chombo chake mwenyewe. Fikirini ni vitu vingapi alivyovitumia ambavyo havikuwa vyake: alizaliwa akalazwa horini, akafundisha katika mashua ya Simoni, akaingia Yerusalemu juu ya punda wa kuazima, akala pasaka katika chumba cha mwenyewe mwingine, akazikwa katika kaburi la Yusufu wa Arimathaya. Hakungoja hati. Na chombo kile cha kuazima alikirudisha kimejaa samaki hata kikakaribia kuzama.

Yeremia naye, katika mlango wa 29, aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli, katika nchi isiyokuwa yao kabisa, wajenge nyumba na kulima bustani, na kuuombea amani mji ule. Hakuwaambia kwamba Babeli ni kwao. Wala hakuwaambia wakae kitako mpaka watakaporudi.

Nilimweleza kijana mambo haya tukiwa tumeketi juu ya ngalawa. Hakusema amekubali, nami sikumlazimisha. Aliuliza tu ni nani kwa Nairobi aliyefanya kama watu wa Gazi. Nikamkumbusha mahali anapopajua: ukifuata mto Ngong unapopita Kibera, utakuta viwanja ambamo watoto wacheza, na vyoo, na mabomba ya maji, mahali palipokuwa jalala. Wakaaji wenyewe walipasafisha na wenyewe hupatunza, nao hawana hati. Na mto Nairobi unapita kati ya Kawangware na Kangemi, ukichukua kila tunachoutupia. "Huo nao si wako," nikamwambia. Akanitazama, akatabasamu kidogo, akaenda kuwasaidia wenzake kusukuma chombo kilichokuwa kimefika.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uwakumbuke wavuvi wa Gazi wakati kusi linapowazuia ufukweni, na mama karanga anayerudi nyumbani na ndoo tupu. Umkumbuke mama wa Kawangware mwenye karai lake, asije akamwagiwa mafuta yake na kufukuzwa kando ya njia. Uwape wenye mamlaka katika nchi yetu ujasiri wa kutia sahihi yale waliyoyaahidi. Na yule kijana, umpe mahali pa kulala ambapo hapatabomolewa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.