Mtoto anayenyamaza



Akikumbuka usiku wa risasi, mtoto mmoja hulia na kung'ang'ania mama. Mwingine hunyamaza, hataki kuguswa. Msiseme yule ni mwoga, huyu amepona. Huenda kila mmoja anafuata namna alivyozoea kupokelewa na mlezi wake. Mary Ainsworth, aliyechunguza watoto wachanga nchini Uganda mwaka 1954 na 1955, aliona kwamba mama akiwa mwepesi kumwelewa mtoto, mtoto hutulia.

Basi, mzazi, usimlazimishe kusimulia. Kaa karibu. Ukitoka, mwambie utarudi lini, kisha urudi kweli. Nanyi viongozi, mnapogawa mahema, msimtenge mtoto na mtu aliyemzoea.