Mifugo Inywe Juu ya Machimbo
Mazungumzo na wafugaji wa Pokot Magharibi



Kiangazi kikikaza, sote twajua mifugo hupandishwa wapi. Milima ya Cherangani ni mmoja wa minara mitano mikuu ya maji ya Kenya, na Mto Muruny hutoka huko. Lakini mitoni humo ndimo vijana wetu wanamooshea dhahabu. Siwaambii waache, maana karo inatoka huko pia. Nawaomba jambo moja: mifugo na watoto wanywe maji ya juu ya machimbo, si ya chini yake.

Sababu ni hii. Wachimbaji wengine hukamata dhahabu kwa zebaki, na penginepo kwa sayanidi. Zebaki haiozi. Hutulia kwenye tope, na ng'ombe akiingia mtoni huitibua. Sayanidi huua upesi: mnyama huhema kwa nguvu, hutetemeka, huanguka. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki. Na maji maangavu si lazima yawe salama.

Basi fanyeni hivi:

1. Kabla ya kunywesha, mchungaji aulize: nani anaosha dhahabu huko juu? Akiwapo mtu, mpite au tafuta kijito kingine. Wakati wa joto ng'ombe mmoja aweza kunywa lita 40 au zaidi kwa siku. Maji yakiwa mabaya, sumu anayoimeza si kidogo.

2. Mifugo isikanyage chemchemi. Chota kwa ndoo, au vuta maji kwa bomba hadi kwenye birika la kunyweshea, mbali kidogo.

3. Kabla ya kuingiza mifugo katika msitu wa serikali, ulizeni ofisi ya misitu kuhusu kibali. Sheria ya misitu ya 2016 yataka hivyo.

4. Shimo lililoachwa lifukieni. Lisipofukika, lizungushieni miiba.

5. Zebaki isichomwe nyumbani, wala kwa sufuria ya chakula. Mvuke wake hauonekani, nao hudhuru ubongo, hasa wa mtoto aliye tumboni.

6. Wanyama wakifa ghafla, ondoeni kundi majini na msile nyama. Mwiteni daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na mumjazie chupa safi maji ya mahali pale.

Wachimbaji si wageni, ni watoto wetu. Kwa hiyo jambo hili lipelekeni kwenye kokwo. Wazee wakubaliane nao dhahabu ioshewe wapi: katika dimbwi lililochimbwa mbali na ukingo, ili maji yake yasirudi mtoni. Maana sisi tukinywa juu, walio chini yetu nao wana ng'ombe na watoto.