Kisu cha Kukunja Katika Kazi ya Uvuvi

Kisu cha kukunja ni kisu ambacho bapa lake huzunguka kwenye pini na kulala ndani ya mpini. Kikifungwa huwa kifupi, hakidai ala, na hukaa mfukoni bila kumdhuru anayekibeba. Ndiyo maana wavuvi wengi wanaoishi kwa kuuza samaki hawaendi baharini bila kisu hicho. Lakini chomboni kisu hufanya kazi za aina mbili. Ya kwanza ni kukata vitu vya kila siku. Ya pili ni kukata kamba inayomvuta mtu majini. Kisu cha kukunja kinaiweza kazi ya kwanza. Kwa kazi ya pili hakitoshi, na chombo kinachokitegemea peke yake kimeacha pengo katika usalama wa mabaharia wake.

Kazi za kila siku ni nyingi na nyepesi. Chambo hukatwa vipande vinavyolingana na ndoano. Mshipi uliochakaa hukatwa ukafungwa upya. Uzi wa kushonea wavu hupunguzwa kila fundo linapokamilika. Wavuvi wa zulumati, yaani mshipi mrefu uliotundikwa ndoano nyingi, hukata uzi wa ndoano pale samaki alipoimeza hadi tumboni. Kisu kidogo kinayatosha yote hayo. Kinaanza kushindwa kwenye kupasua samaki wakubwa kama nguru na jodari. Damu, utelezi na magamba huingia katika ufa ambamo bapa hulala, na humo kitambaa hakifiki. Mabaki hayo huoza na kuwachafua samaki wa siku inayofuata. Samaki wa kuuza hufaa wapasuliwe kwa kisu kisichokunjwa, chenye mpini wa plastiki, ambacho huoshwa kikatakata.

Hatari kubwa huja wakati wa kutupa zana. Jarife likimwagwa, chombo huenda mbele, chubwi huvuta ukingo wa chini wa wavu, na kamba hutoka kwa kasi. Kamba iliyolala chomboni hujikunja vitanzi. Mguu ukiingia katika kitanzi kimoja, kitanzi hukaza kwenye kifundo na mtu huburutwa hadi ukingoni. Nguvu inayomvuta ni uzito wa zana zilizokwisha kuzama pamoja na mwendo wa chombo chenyewe, na hakuna mikono inayoweza kushindana nayo.

Hali hiyo imechunguzwa kwa makini miongoni mwa wavuvi wa kambakoche wa kaskazini mashariki mwa Marekani. Wao hutupa mitego ya waya, mara nyingi kadhaa ikiwa imefungwa kwenye kamba moja, na mtego mmoja huuvuta unaofuata. Katika jimbo la Maine mwenye leseni huruhusiwa hadi mitego 800, kwa hiyo miguu ya wavuvi hukaa karibu na kamba inayokimbia siku nzima. Katika utafiti mmoja wa jimbo hilo hilo, takriban robo tatu ya waliohojiwa walisema wamewahi kunaswa na kamba ya mtego. NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama kazini, imewashauri wavuvi hao waweke visu mahali panapofikika upesi chomboni, na kila mmoja awe na kisu mwilini.

Aliyenaswa ana sekunde chache, na mara nyingi ana mkono mmoja tu, kwa kuwa mwingine umeshika ukingo wa chombo. Kisu cha kukunja humdai hatua tano: mkono uingie mfukoni, kisu kitoke, ukucha utafute kijifuo cha kufungulia, bapa livutwe kwa mkono wa pili, kisha likae sawasawa. Kila hatua ina kikwazo chake. Nguo iliyolowa hugandamana na kuubana mdomo wa mfuko. Suruali ya mvua huvaliwa juu ya nguo yenye mfuko huo. Vidole vyenye utelezi wa samaki haviwezi kukamata kijifuo chembamba. Katika maji baridi kama ya Maine, glavu na ganzi huongeza tabu. Kisu kisichokunjwa, kilichomo katika ala kifuani au kiunoni, kina hatua mbili tu: kushika na kuchomoa.

Vipo visu vya kukunja vinavyofunguliwa kwa dole gumba, na hivyo ni bora kuliko vile vya ukucha. Hata hivyo, baada ya kufunguka huja suala la kifungio. Visu vingi vya bei nafuu havina kifungio kabisa. Bapa hushikiliwa na springi ya mgongoni pekee. Kikisukumwa vibaya ndani ya kitanzi kilichokaza, bapa hurudi na kuvikata vidole vya mwenyewe. Katika aina nyingine, kibati kilichomo ndani ya mpini husogea na kukaa nyuma ya bapa ili lisirudi. Punje ya mchanga au gamba moja la samaki likiingia hapo, kibati hakifiki mahali pake, na mshikaji huamini kuwa kisu kimejifunga ilhali hakijajifunga. Opinel, kisu kilichobuniwa katika eneo la Savoie nchini Ufaransa mwaka 1890, kina pete inayozungushwa ili kulizuia bapa. Kinafaa shambani na jikoni, lakini mpini wake wa mti hunywa maji na kuvimba, na bapa likabanwa lisifunguke kwa urahisi.

Chumvi ni adui mwingine. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Chuma kisichoshika kutu hujilinda kwa kromiamu, ambayo huwa angalau asilimia 10.5 ya uzito wake. Kromiamu hukutana na oksijeni na kufanya utando mwembamba usioonekana, na utando huo ukikwaruzwa hujijenga tena. Ili ujijenge unahitaji oksijeni. Kwenye pini ya kisu cha kukunja, maji ya chumvi hukaa katika mwanya mwembamba ambamo hewa mpya haiingii. Oksijeni ikiisha, utando haujengeki tena, na kutu huanza kula chuma kutoka ndani huku bapa likiendelea kung'aa kwa nje. Kwa hiyo kisu cha kukunja huweza kuonekana kizima na kugoma siku kinapohitajiwa. Vipo vyuma, kama H1 na LC200N, ambamo naitrojeni imechukua sehemu kubwa ya kazi ya kaboni, na hivyo hustahimili chumvi vizuri zaidi. Navyo havizuii mchanga wala magamba kuziba pini.

Makali yanayofaa hutegemea kinachokatwa. Makali laini hukata samaki na chambo bila kuchana nyama. Makali yenye meno hushika nyuzi za nailoni na za plastiki, ambazo makali laini yaliyochoka huteleza juu yake. Kamba iliyokaza hukatika kwa mguso wa makali tu, kwa kuwa mvuto wake wenyewe huzitenganisha nyuzi. Iliyolegea yapasa kukunjwa na kuvutwa dhidi ya makali. Nailoni hurefuka sana inapovutwa, na ikikatwa hurudi kwa nguvu kama mjeledi. Mkataji husimama pembeni, nje ya mstari wa kamba, na hukata upande wa mzigo, yaani kati ya mtu na zana zinazozama. Ncha butu ni salama kuliko ncha kali, kwa sababu katika mtikisiko wa mawimbi kisu hupita karibu na mguu wa aliyenaswa na karibu na jaketi lake la kuokolea maisha.

Mpangilio unaofaa chomboni ni wa visu vitatu. Cha kwanza ni kisu cha uokoaji cha kila baharia: kisichokunjwa, chenye meno na ncha butu, katika ala ya plastiki yenye tundu la kutolea maji. Ala ya ngozi hushikilia chumvi na kukiozesha kisu kikiwa ndani. Ala hufungwa mahali ambapo mkono wa kulia na wa kushoto yote miwili hufika, na kisu hicho hakikati chambo wala mifupa, ili makali yake yasiishe kabla ya siku ya haja. Cha pili ni kisu cha chombo, kinachokaa karibu na mahali kamba inapotokea, ili baharia amwokoe mwenzake aliyenaswa. Cha tatu ndicho cha kukunja, kwa kazi ndogondogo za kutwa.

Kisu cha kukunja hutunzwa kila kinaporudi pwani. Hufunguliwa na kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, ufa wake husuguliwa kwa mswaki mkuukuu, kisha huachwa wazi hadi kikauke. Tone moja la mafuta ya cherehani hutiwa kwenye pini, na bapa hufutwa kabla ya kugusa samaki. Mafuta ya kupikia hayafai kwenye pini, kwani hugandamana na kukusanya mchanga. Kisu kinachofunguka kwa shida, au ambacho bapa lake hucheza likiwa limefunguliwa, huondolewa kazini.

Wajibu wa kuzuia ajali hizi si wa mvuvi peke yake. Mkataba wa Kazi katika Uvuvi, namba 188, ulipitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2007 na kuanza kutumika mwaka 2017. Kenya iliuridhia mwaka 2022. Ibara yake ya 31 inazitaka nchi wanachama ziweke sheria za kuzuia ajali vyomboni na za kuwafunza wavuvi kushika zana wanazozifanyia kazi. Mafunzo hayo yanaweza kuanza ufukweni: baharia hufungwa kamba mguuni, huketi, kisha huchomoa kisu na kuikata kwa mkono wa kulia, halafu kwa wa kushoto. Wenzake hujifunza kupunguza injini mara wanaposikia ukelele, kwa kuwa chombo kikisimama mvuto hupungua na muda wa kukata huongezeka. Kabla ya kung'oa nanga, nahodha hukagua visu kama anavyokagua mafuta na maboya: kila ala ina kisu, kila kisu kina makali, na kila mkono unakifikia.